Metre Niliyoipiga Nyundo

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa wengine watauongezea chumvi: nilinunua metre mpya, utepe wa chuma wa kupimia, nzuri, na kabla haijapima hata kiti nikaipiga nyundo.

Sababu? Kidomo chake kilicheza. Kile kipande kilichokunjwa kwenye ncha, kinachoshika ukingo wa ubao, ukikivuta kinasogea kidogo, ukikisukuma kinarudi. Mimi nikaona ni kazi mbaya ya kiwanda.

Haraka yote ilitoka kwa mama mkwe. Alikuwa anakuja kutoka Mahagi siku ya posho, yaani Jumamosi, akae nasi juma mbili. Chumba cha wageni kilikuwa na fremu ya mlango na rido ya kitambaa tu, tangu tuhamie. Kwa wageni wengine rido inatosha. Kwa mama mkwe, hapana. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake wanaogopana kwa heshima, hata kwenye meza moja hawali. Sasa nilale upande huu, yeye upande ule, na katikati kitambaa cha maua kinachopepea? Alikwisha kumwambia mke wangu kwenye simu kwamba nyuma ya kitambaa, katika nyumba ya mkwe wake, hatalala. Na tangu tuoane mama huyo hajalala kwetu hata mara moja. Mke wangu alikata simu akanitazama. Kisha akaitazama rido.

Fundi wa mbao wa avenue yetu alikubali kazi, ila nimletee vipimo mwenyewe. Jirani yetu, mama mjane anayetoka upande mmoja na mke wangu na kwa hiyo ananiita shemeji, alisikia mazungumzo kutoka upande wake wa ua akanipitishia kamba. Nikate moja kwa upana, moja kwa urefu, nimpelekee fundi, basi. Nilicheka. Mtu aliyemaliza sekondari, diplome ikining'inia ukutani, apime mlango kwa kamba ya mbuzi? Nikashuka sokoni.

Muuzaji alinitandikia metre zake kwenye turubai. Ya kwanza nilipoivuta ilivunjika kiuno hata haijafika urefu wa mkono. Ya pili iliacha namba zake kwenye kidole gumba changu. Ya tatu ndiyo metre: utepe mpana, ulinyooka hewani karibu metre mbili bila kuinama, kufuli lilishika, namba zilisomeka bila miwani. Lakini kidomo kilicheza. Nikaomba ambayo haichezi. Alinifungulia karibu zote, na kila iliyokuwa nzuri ilicheza. Akanieleza, kwa subira ya mtu anayeona wateja wengine wakiondoka, kwamba kidomo kinasogea kadiri ya unene wake chenyewe, ili ukipima kwa kusukuma ukutani ao kwa kuvuta kwenye ukingo, hesabu ibaki moja.

“Patron, ile iko vile makusudi. Usiiguse,” akasema.

Nikaitika kama mtu aliyeelewa. Njiani nikajiambia kila muuzaji ana hadithi ya kufunika mali yake mbovu.

Nyumbani niliilaza juu ya jiwe, nikapiga. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili, kidomo kikapinda. La tatu, kikaruka na kuingia katika sufuria ya sombe iliyokuwa ikipoa. Nilikitafuta kwa mwiko hadi nikakipata, maana nani angemweleza mke wangu?

Kurudi kwa yule muuzaji, aibu. Nikakumbuka nimewaona masoni, wale wajenzi, wakitumia metre zilizokatika ncha: wanaanzia kwenye sentimita ya kumi, kisha wanapunguza kumi. Jambo la darasa la pili. Nikaanzia kwenye kumi. Upana, tisini na mbili. Urefu, mia mbili na kumi na mbili. Nikaandika kwa biki nyekundu, nikapiga mstari chini, nikampelekea fundi. Akauliza kama nina hakika, hicho ni chumba gani chenye mlango mkubwa hivyo. Nikamjibu kwamba hesabu ni hesabu.

Kupunguza, nilisahau.

Mlango ulifika siku ya posho asubuhi, umebebwa na wanaume wawili. Mlango wa mbao ya libuyu, umepigwa randa hadi unang'aa, ungefaa kanisa. Fremu yangu iliukataa upana, ikaukataa urefu. Fundi akatoa metre yake, akapima, akasoma karatasi yangu, akaiangalia metre yangu isiyo na kidomo, akaketi chini kucheka. Alipomaliza akasema kuukata si kazi ya saa moja, viungo vyote vitafunguliwa, nimwache hadi siku ya ine, Alhamisi. Nikauegemeza kwenye tundu kama kabati.

Mama mkwe alifika saa kumi. Tulisalimiana kwa mbali, macho chini, inavyopaswa. Akausogelea mlango, akaugusa kwa kidole kimoja, ukayumba. Alimwomba binti yake ambebee mkoba, wakatoka wote wawili wakazunguka ua, na mimi nikabaki nimeushika mlango wangu usianguke.

Baadaye kidogo jirani akaja kuchukua blanketi la mgeni. Akalikunja kwapani, akaukagua mlango toka juu hadi chini, kisha akanikagua mimi.

“Shemeji, mama atalala kwangu. Mulango yangu nilipima na kamba, na inafunga.”