Shati la Drafti

Mama alikuwa anatengeneza shanga za vitambaa hata kabla sijaolewa. Mafundi cherehani wa gulioni walimwekea vipande vya vitenge kwenye kiroba, naye akiketi kibarazani kwetu Kanazi anakata kila kipande kiwe na upana huku na ncha kule, kama ulimi. Kisha anakizungusha kwenye spoki ya baiskeli, anakipaka uji mzito wa muhogo, anaichomoa spoki, na shanga anaianika kwenye ungo. Jua likishaipiga inakuwa ngumu, ukiigonga inalia. Ubaya wake ni mmoja tu, haitaki maji. Uji ukilowa unaachia na kitambaa kinajifungua chote. Kuna wanawake waliovaa shanga za mama wakanyeshewa njiani kutoka kanisani, na siku ya gulio walikuja kumpigia kelele. Naye akawajibu, "Kwani niliwaambia mkaoge nazo?"

Mimi nimeolewa Runazi, kwa Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alipita kwangu akielekea machimboni kutafuta dhahabu. Alikuwa amevaa tisheti ya mpira. Nikamuuliza liko wapi lile shati lake la drafti za bluu, la mtumba, ambalo alilipenda kuliko sisi ndugu zake. Lilikuwa linachuja rangi kila likifuliwa, na tulimtania kwamba ataoa na shingo ya bluu. Akacheka, akasema kaliacha nyumbani kwenye sanduku, machimbo yasije yakaliharibu.

Shimo aliloingia kuchimba, wenyewe wanaliita duara, lilimfukia pamoja na wenzake. Walichimbua mpaka ardhi ikaanza kuporomoka tena, wakaacha. Vijana waliokuja kutuambia walisimama uani wakitazama viatu vyao. Mwili haukuja. Hautakuja.

Sasa kwetu, mtu aliyepotea hivyo haachwi hivi hivi. Hukatwa gogo la mgomba, likafungwa nguo yake mwenyewe, likazikwa kama yeye. Bila hivyo matanga hayaanuliwi, na mama mzazi anabaki kukaa chini kwenye majani kama siku ya kwanza. Mimi nilitaka azikwe. Nasema wazi, nilitaka tumzike yaishe, maana nilikuwa siwezi tena kumwona mama pale chini.

Niliporudi tena Kanazi kwa ajili ya maziko, kitu cha kwanza nilichokiona ni ungo. Ulikuwa na shanga za drafti za bluu. Nikafungua sanduku. Mwe! Hamna kitu. Hakuna suruali, hakuna sare ya shule, hata soksi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekata vitambaa."

"Hizi ni nguo za marehemu!"

"Marehemu gani?" Hakunyanyua uso. "Nguo isipokuwepo, hamna cha kuzika."

Nilimkasirikia, jamani. Nilitaka kuupiga teke ule ungo. Kazi hii ameifanya miaka yote kwa vitambaa vya watu, leo anaigeuza kufuli la kumfungia mwanawe nje ya kaburi! Sikuupiga. Yeye akatunga zile shanga kwenye uzi, akazivaa.

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, alikuja na wanaume na mgomba. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kututazama, akamwendea mama.

"Shemeji, rete nguo yake tumfunge."

Siku nyingine "rete" ya baba mkubwa ingetuchekesha. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Sina," mama akasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mmoja akasema itafutwe sanda dukani. Baba mkubwa akakataa kabisa, kitambaa cha dukani hakimjui mtoto. Katekista aliyekuja kutusomea sala akafunga kitabu chake, akaangalia migomba. Gogo likabaki uchi juu ya mkeka, linachuruzika utomvu, na wanaume wakaanza kunong'ona kwamba warudi makwao.

Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia barazani, ila mama hakuinuka kwenye majani yake pale uani. Nikachukua kanga nikamkimbilia. "Mama, zitalowa!"

Zilikuwa zimeshalowa. Uji mweupe ulikuwa unamtiririka kifuani pamoja na rangi ya bluu, na shanga moja ilikuwa imejifungua, ulimi wa drafti unaning'inia. Mama akaushika kwa vidole viwili. Akautazama sana. Ulikuwa shati tena.

Akasimama; sikuwa nimemwona akisimama tangu habari ile ije. Akavua ule uzi, akapiga magoti kwenye tope, akauzungusha kwenye gogo, akafunga fundo.

"Mfukieni," akamwambia baba mkubwa. "Udongo ukilowa zitafunguka zote. Atakuwa na nguo."

Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa nimeyataka mwenyewe maziko haya, na sasa nilitamani wasimguse. Wanaume wakashusha gogo mvuani, katekista akasali haraka haraka, baba mkubwa akatupa udongo wa kwanza. Mama hakulia. Alisimama mpaka kaburi likajaa.

Jioni nikamchemshia maji ya kuoga, nikamwekea beseni na sabuni. Shingo yake yote ilikuwa ya bluu.

"Mama, njoo nikusugue."

Akaifunika shingo kwa mikono yake yote miwili.

"Acha kwanza," akasema.