Tulivyoingojea Homa ya Zaituni

Tuliotoka nyumbani Kinole tulikuwa watatu: mimi Mwanahawa binti Salumu, mwanangu Zaituni, ndiye mgonjwa, na mumewe Hemedi. Tuliowakuta hospitali mjini ni Dokta Neema na mwalimu wake, Dokta Mkude, mzee wa sauti ndogo. Neema ni daktari kamili, ila amerudi kusomea maradhi ya kuambukiza awe bingwa wa maradhi hayo, na kila anachofanya, Mkude husimama nyuma akitazama.

Sababu ya safari mnaijua, majirani zangu. Zaituni alishikwa na homa siku nne, ikaacha, tukashukuru. Wiki haijaisha ikarudi. Dawa ya malaria alishameza mara mbili. Ilipoacha tena alikuwa hawezi kuinua hata ndoo. Nikasema ya tatu haitatukuta tumekaa.

Jumatatu alfajiri tulishuka kwa bodaboda hadi Mkuyuni, tukapanda gari la mjini. Njia nzima nampima shingo kwa mgongo wa mkono. Kiroka, baridi. Bigwa, baridi. Hemedi akafurahi, mimi nikazidi kuhofu, maana watamwona mzima, waturudishe.

Saa nne tulikuwa wodini. Kweli, damu ikapimwa, haikuonekana kitu. Neema akaniamkia, akaketi, akauliza maji tunayokunywa, mifugo, safari. Hemedi akajibu mkewe hajasafiri. Nikamwambia, na msiba wa mama yako je? Akainama. Nilimwelewa, nani anapenda kusema nyumba ya marehemu mamaye ndiyo iliyompa mke maradhi? Basi nikasema mimi: tulikwenda Gairo, tukalala msibani siku tatu, nyumba ya udongo, wanawake chini kwenye mikeka.

Neema akaacha kuandika. "Na wewe bibi, ulilala wapi?"

"Mimi nilipewa kitanda, kwa uzee wangu."

Akamgeukia mwalimu, akasema anahofia homa ya papasi, wale wadudu wa kwenye nyufa za sakafu wanaouma mtu usingizini. Mkude hakumsifu. Akamuuliza mbona damu haina kitu. Neema akasema vijidudu vya homa hiyo huonekana homa ikiwa juu. Tuingoje ipande, damu ichukuliwe tena.

Tukaingoja. Jambo gumu hilo, mama kumwombea mwanawe homa. Jumanne haikuja. Hemedi akanung'unika kwamba tumelala hospitali na mtu asiyeumwa. Neema akamwambia, "Kaka, nipe kesho tu."

Jumatano saa saba mchana Zaituni akaanza kutetemeka. Neema akaja na sindano, akamtoa damu. Alasiri akarudi na mwalimu wake: vijidudu vimeonekana. Kabla ya kidonge akatuonya kwamba vijidudu vikianza kufa mgonjwa huzidiwa kwa saa chache. Zaituni akameza, akazidiwa kweli. Macho yakapinduka, akaniita kwa jina la shangazi yake aliyekufa. Nikamwambia Neema, umeniulia mwanangu. Yeye akatundika dripu, akashika mkono wa Zaituni akihesabu mapigo, hakutoka mpaka magharibi, jasho lilipomlowesha mgonjwa akaomba uji.

Nikamwomba Neema radhi.

"Hata mimi niliogopa, bibi," akasema. "Nilikuwa nimeisoma tu, sijawahi kuiona."

Ijumaa asubuhi, tulipokuwa tunaruhusiwa, akaniuliza nani wengine wa kijijini kwetu walilala chini kule msibani. Nikataja, akaandika, akanisihi kila mmoja aende akapimwe. Mchana tulikuwa nyumbani, Zaituni anatembea mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: homa inayoacha na kurudi haijapona, na daktari aambiwe mgonjwa alilala wapi, hata kama ni aibu. Niliowataja ni Mwajuma Kibwana, Tatu mke wa Rajabu, Asha Mloka na bintiye Pili, na yule Sikujua wa kwa Shabani. Wote nimewafikia, Pili nimemkuta homa imeshamlaza, anachemka, kesho anateremshwa mjini. Ila chumba kile cha msibani kilikuwa na giza, na mimi nilikuwa juu kitandani. Kama yuko niliyemsahau, nisahihisheni leo hii, kabla homa haijamkuta.