Pichi Kwenye Meza ya Mababu

Nyumba ya Pil-lye ilikula kwa mapichi, ikavaa kwa mapichi, ikasomesha kwa mapichi, lakini pichi halikuwahi kukanyaga meza yake ya tambiko. Kijijini Dorae, kwenye vilima vya Cheongdo huko Korea, kila nyumba iko hivyo. Mizimu huogopa pichi. Waganga wa zamani walimtoa mtu pepo kwa kumchapa na tawi la mpichi, na likiinuliwa tawi hilo, pepo mbaya na babu yako mzazi hukimbia njia moja. Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu ya Chuseok, mwezi wa mavuno ukiwa umejaa na mpunga mpya umeshaingia ndani, mababu huandaliwa wali, tufaha, pea, kunazi na songpyeon, vile vikate vya unga wa mchele vilivyokunjwa mfano wa nusu mwezi. Mapichi hufungiwa ghalani kama mbwa mkali siku ya wageni.

Pil-lye alifunzwa hayo tangu alipoletwa hapo bibi harusi. Mama mkwe wake alifundisha kwa macho kuliko kwa mdomo: matunda mekundu mashariki, meupe magharibi, kichwa cha samaki kitazame jua linakotoka. Kufinya songpyeon nako alimfundisha, akimwambia kwamba anayefinya vizuri huzaa binti mzuri. Songpyeon za Pil-lye zilitoka kama masikio ya nguruwe. Binti aliyemzaa, Eun-jo, alitoka mzuri ajabu, na jambo hilo lilimkera yule mama mpaka anaingia kaburini.

Mumewe, Jong-gu, alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo tambiko la ukoo lilifanyika kwake. Kila mwaka alimimina pombe ya mchele mbele ya meza, akinukia mapichi mwili mzima hata baada ya kuoga. Kila mwaka, wakishamaliza kuinama, alimnong'oneza mkewe maneno yaleyale: siku akiwa upande ule wa meza asiletewe pea, pea ni maji yenye mchanga, aletewe pichi. Pil-lye alimjibu kwamba atakula pea kama wenzake. Majira ya baridi yaliyopita, akiwa kitandani hospitalini, Jong-gu aliyarudia maneno hayo, safari hii bila kucheka. Pil-lye akasema sawa.

Sasa Chuseok ya kwanza tangu afe ilikuwa inakaribia, na ile "sawa" ilimkaa kooni.

Aliitoa kwa shemeji yake, Sang-deok, mdogo wake Jong-gu, aliyekuja kutoka Daegu kufyeka majani ya makaburini kabla ya sikukuu. Kwa kuwa kaka mtu hakuacha mtoto wa kiume, mwaka huu yeye ndiye angeongoza. Sang-deok aliendesha basi mpaka akastaafu, na kanuni za tambiko alizishika kama alivyozishika zile za barabarani. Alisikiliza huku akijifuta jasho, kisha akaweka bakuli la maji chini.

"Shemeji, unataka kumlisha kaka au unataka kuutimua ukoo mzima? Pale mezani yuko Baba. Yuko Babu. Yuko Bibi, ambaye hata akiwa hai alikuwa akishtuka paka akipiga chafya."

"Kaka yako kashika mapichi maisha yake yote. Leo ndiyo ayaogope?"

"Yeye sawa. Wenzake je? Watoke huko kote, wafike mlangoni, wanuse, wageuze. Wakae na njaa mpaka mwaka mpya. Lawama ya nani? Si yangu mimi?"

Pil-lye mwenyewe aliamini hayo. Kila Chuseok alifungua kamba ya kuanikia nguo uani ili babu wa watu asije akanasa shingo akiingia. Hakutaka kumfukuza mtu. Alitaka tu kutimiza neno lake.

Mkesha wa sikukuu, siku ya kufinya songpyeon, yeye na Eun-jo walikaa sakafuni na beseni la unga katikati, wakijaza ufuta na asali. Pil-lye akatoa mfukoni kipande cha pichi la mwisho la msimu, alilokuwa amelikausha juu ya paa, akakifunika na unga. Aliwaza kwamba unga ni mzito, na songpyeon hupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari yenye harufu kali. Wengine hawatanusa. Jong-gu, aliyeweza kujua pichi limeiva akiwa upande wa pili wa shamba, atanusa.

"Mama, hiyo nini?"

"Ufuta."

"Ufuta wa rangi ya chungwa?"

"Finya zako. Utazaa binti mbaya."

Asubuhi mlango uliachwa wazi, ubani ukawashwa. Sikio la nguruwe lenye pichi lilikaa juu kabisa ya sahani, karibu na kikombe cha Jong-gu. Sang-deok akamimina, wakainama wote, wakanyamaza na kuteremsha macho ili wageni wale kwa nafasi. Pil-lye alitega sikio asikie kama kuna mtu anakimbia. Alisikia kuku wa jirani tu.

Hatimaye Sang-deok akainua kichwa, uso umemlegea. Akasema amewaona kabisa: mshumaa umelala, ukasimama. Mwaka huu wamekula vizuri.

Kisha meza ikageuka kuwa ya walio hai, maana chakula kile huliwa na wote ili baraka iwaingie. Pil-lye alikuwa amepanga kulichukua sikio lile mwenyewe. Alichosahau, kwa kuwa miaka yote mwenye kuongoza alikuwa mume wake, ni kwamba aliyemimina pombe ndiye anayeanza. Mkono wa Sang-deok ulishafika juu ya sahani.

Aling'ata. Taya zikaenda, zikapunguza mwendo, zikasimama. Akatazama nusu iliyobaki mkononi, akaitazama picha ya kaka yake mezani. Eun-jo alikuwa akichunguza mchuzi wake kana kwamba kuna kilichoandikwa ndani. Pil-lye alishika aproni kwa mikono miwili.

Sang-deok akatia ile nusu mdomoni, akatafuna mpaka ikaisha.

"Ufuta wa mwaka huu una nyuzi," alisema. "Mwakani uukate mdogo zaidi, Shemeji. Bibi hana meno."

Pil-lye akasema sawa.