Kumtafutia Mke Wangu Giza la Mchana

Muuguzi alifungua mkanda wa kupimia presha mkononi mwa mke wangu, akaandika namba kwenye kadi, kisha akaniuliza mimi badala ya kumuuliza mwenyewe.

"Babu, bibi analala?"

"Analala vizuri tu," nikajibu.

Mke wangu akatoa pumzi puani. Ndivyo anavyocheka anapokuwa hana hamu ya kucheka. Muuguzi akamgeukia. "Eti bibi, unalala?"

"Usiku silali, mwanangu. Usingizi wangu mimi huja mchana, na mchana mwanga haunipi nafasi. Muulize mzee, si yeye ndiye anayejua?"

Tumeishi nyumba moja zaidi ya miaka arobaini, na sikujua. Niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu wakati muuguzi akieleza kwamba dawa zimeshabadilishwa mara mbili na namba haitaki kushuka, kwamba mwili usiopumzika unazishinda dawa, na kwamba mambo yakiendelea hivi mshipa unaweza kupasuka kichwani siku moja akiwa anapepeta mchele. Alisema taratibu, kama anayemsomea mtu barua. Mwisho akasema, "Kama usingizi wake ni wa mchana, basi mtafutieni giza la mchana."

Nikarudi nayo hiyo kazi nyumbani Kasokola.

Lazima nieleze kwa nini usingizi wa usiku ulimkimbia, maana kosa ni langu. Miaka yetu ya nguvu tuliishi Usevya, tukilima mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, viboko hupanda kutoka mtoni usiku na kuingia kwenye majaruba, na kundi moja likiingia, asubuhi unakuta matope matupu. Kwa hiyo kila familia hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, na mtu hukesha humo akipiga debe na kuchochea moto hadi kupambazuke. Kwa kawaida mume ndiye hukesha. Kwetu alikesha mke.

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, nikapata ukarani wa ghala. Nilisema kazi ya kalamu inataka macho yaliyopumzika. Nilisema hivyo msimu wa kwanza, yeye akachukua debe na blanketi akaenda. Msimu wa pili sikuhitaji hata kusema. Misimu kumi na minane, miezi mitatu kila msimu. Majirani walinong'ona juu yangu, nami nikawaona washamba.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mchana, akitoka shambani, akishapika na kufua, alikuwa akijinyoosha kwenye mkeka na kujifunika kanga usoni ili mwanga usimsumbue. Kwetu aliye hai hafunikwi uso. Anayefunikwa uso ni maiti. Mama yangu alituchapa kwa kucheza kufunikana uso tukiwa watoto. Basi nikirudi kula mchana na kumkuta hivyo, nilikuwa naivuta ile kanga. "Usinitie nuksi humu ndani," nilimwambia. Mara mbili tatu, akaacha. Baada ya hapo alikuwa akilaza kiwiko juu ya macho, na mkono ukifa ganzi unaanguka, naye anaamka. Nilimwona. Nikaenda zangu ghalani.

Sasa hatuna shamba la viboko, lakini mwili wake haujaambiwa. Jua likizama macho yake yanafunguka. Anakaa kitandani anasikiliza.

Jambo la kwanza nililofanya ni kupigilia turubai kwenye dirisha. Chumba kikawa cheusi kweli, lakini ilikuwa Oktoba, bati juu, dari hakuna. Baada ya nusu saa alitoka akitiririka jasho.

"Mzee, unataka kunilaza au kunichoma?"

Nikang'oa misumari. Binti yetu aliye Dar es Salaam ndiye aliyenieleza kwenye simu kwamba kuna barakoa za kulalia, kitambaa cha kuziba macho peke yake, pua na mdomo vinabaki wazi, na dirisha linabaki wazi. Macho peke yake. Kwa hiyo hata kama imani ya mama yangu ilikuwa na maana, kulikuwa na njia ya kumlaza mke wangu bila kuivunja, na njia hiyo ilihitaji kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Miaka yote ile sikuitafuta.

Nikaenda sokoni Kashaulili. Kwenye kibanda kimoja, kati ya soksi na chaja za simu, zilining'inia tatu. Mwenye kibanda alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuuzia watu wa mbali.

"Shikamoo babu. Hizo za kulalia hizo. Unasafiri na ndege?"

"Marahaba. Sisafiri. Nataka kujaribu."

"Jaribu tu, macho ni yako."

Nilikuwa nimeamua kwamba sitampelekea kitu ambacho sijakivaa mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya nailoni inayong'aa. Nikaivuta usoni, saa saba mchana, jua likiwa katikati ya utosi, na Kashaulili yote ikazimika. Sina namna nyingine ya kusema. Mabati, vumbi, ndoo za nyanya, pikipiki, vyote vikaondoka mara moja, na masikio yangu yakafunguka kama milango. Nilisikia mtu akihesabu mayai mbali kabisa. Nilisikia cherehani, mahali nisipojua kama kuna cherehani. Nilisimama na mdomo wazi. Jua lile linalopasua ardhi ya Katavi, linalokausha visima, lilikuwa limezuiwa na kitu ambacho upepo ungeweza kukichukua.

"Nyie, njooni mmwone babu!" yule mama akaita wenzake. "Kalala wima kama farasi!"

"Muulize kama kaota," mwingine akajibu kutoka ng'ambo.

"Babu, ukimaliza kulala utaniambia. Mie nina wateja."

Nikacheka nao. Lakini sikuivua upesi, na kwa kukaa nayo nikaanza kuona kasoro zake. Nailoni ilibandika ngozi kwa jasho. Mpira wake ulikuwa mwembamba kama uzi na ulibana juu ya masikio. Nilipofumbua macho, kope zilikwaruza kitambaa. Ya pili ilikuwa na maji mazito ndani, ya kupoza uso, ilikuwa nzito kama mkono wa mtu asiyekupenda. Ya tatu ilikuwa na vibakuli viwili vya sponji, macho yanacheza ndani bila kuguswa, jambo zuri sana, ila sponji ilikuwa na joto na ilikaa mbali na pua, na pale kwenye pua mwanga uliingia kama maji yanayopata ufa.

"Sasa kati ya zote tatu hujaona hata moja?" mama akaniuliza.

"Nimeona ninachotaka. Hakipo."

"Basi nenda kwa fundi, babu. Wewe si mteja, wewe ni mkaguzi."

Niliufuata mlio wa cherehani niliousikia nikiwa gizani. Fundi alikuwa mwanamke wa Kisukuma, ametoka kaskazini na wazazi wake na ng'ombe wao tangu akiwa mdogo. Nilimweleza: pamba tupu upande unaogusa ngozi, kitambaa cheusi nje, nafasi kidogo kwenye macho, ukanda mpana usiobana. Alisikiliza vizuri.

"Puani nitaweka kijimto chembamba, mwanga usipite," akasema. "Haya, nipe vipimo. Kutoka panja hadi panja. Pua ya mama ikoje, imeinuka au imelala? Na analalia ubavu gani, nijue fundo la kufungia liwe wapi?"

Nilijaribu kuona pua ya mke wangu. Nikaona kitambaa chake cha kichwani, nikaona mikono yake, nikaona jinsi anavyoinama kupuliza moto. Pua haikuja.

"Nitaenda kumpima," nikasema.

"Ndiyo, mzee wangu. Nenda kampime." Akanikatia uzi.

Nilimkuta ameketi barazani anachambua maharage. Nilipomkaribia na uzi umenyooshwa mikononi, alinitazama kuanzia miguuni.

"Unanipima sanda?"

"Nakupima macho."

"Macho yangu yapo mawili. Yote unayajua."

"Siyajui," nikasema. "Tulia kidogo."

Akatulia. Nikaweka uzi kwenye panja la kushoto, nikaupitisha juu ya macho yake aliyoyafumba, nikafika panja la kulia. Chini ya kidole changu kope lilikuwa linacheza, jembamba, lenye joto, na ndani yake jicho likizunguka kama kifaranga ndani ya yai. Tumezaa watoto watano, tumezika wawili, na sikuwahi kugusa pale. Pua yake imeinuka juu, halafu inashuka taratibu. Kuna kovu dogo pembeni ya jicho la kulia.

"Hili ulilipata wapi?"

"Dunguni. Kijiti cha moto kiliruka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Nikafunga fundo kwenye uzi kuonyesha mwisho wa kipimo, na nikamwambia kile nilichopaswa kumwambia tangu zamani: kwamba nilimwachia usiku wangu aubebe, na alipotaka kuulipa mwili wake mchana nikamnyang'anya hata kanga. Kwamba sikuwa nimechoka wala macho yangu hayakuwa na kazi nzito. Niliogopa viboko, na niliona haya kusema.

Aliendelea kuchambua maharage. Akatupa jiwe moja, akatupa la pili.

"Viboko hata mimi niliwaogopa," akasema. Kisha: "Nalalia ubavu wa kushoto. Fundo lisiwe huko."

Nilimrudishia fundi uzi, na siku ya tatu akanikabidhi barakoa. Niliivaa palepale kibandani kwake, nikakaa nayo kwenye benchi mpaka akamaliza kushona sketi mbili za shule. Ukanda ulikaa kama haupo. Macho yalifumbuka na kufumba bila kugusa kitu. Pembeni ya pua hapakuwa na hata uzi wa mwanga. Niliivua nikajikuta nashika ukingo wa benchi, jinsi ulimwengu ulivyorudi kwa kishindo.

Mke wangu aliipokea kwa vidole viwili. Aliigeuza, akainusa, akauvuta ukanda.

"Wewe ndiye uliyesema aliyefunikwa uso ni maiti."

"Ni mimi."

"Na leo je?"

"Leo nasema nilikosea. Hata ungejifunika uso mzima, ulikuwa mzima, ulikuwa umechoka tu."

Akaingia nayo chumbani. Nilibaki barazani. Nilijua kwamba ana haki ya kuiweka juu ya kabati na kukaa macho, na mimi sina la kusema. Jirani alipita akataka kupiga hodi kwa sauti yake kubwa, nikamkimbilia na kidole mdomoni. Alinishangaa, akaenda. Kuku nikawafukuza. Redio nikaizima.

Ilipopita saa nzima, nikaenda mlangoni kwa miguu mitupu.

Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga wa saa tano ulijaa chumba chote, ulikuwa ukutani, kwenye chandarua, kwenye mkono wake, na katikati ya mwanga huo wote mke wangu alikuwa amelala. Ubavu wa kushoto. Mdomo umefunguka kidogo. Bega lilikuwa likipanda na kushuka polepole, likikaa juu kidogo kila mara kabla ya kushuka, na mimi nikajikuta napumua nalo. Miaka yote alikuwa akilala baada yangu na kuamka kabla yangu, au alikuwa shambani, na usingizi wa mchana nilimkatiza mwenyewe. Nilikuwa nimeona nyota za Katavi, nimeona tembo wakivuka barabara na watoto wao, nimeona mto ukirudi baada ya kiangazi. Sikuwa nimeona hili. Hakuna aliyekuwa akimlaza; usingizi wenyewe ulikuwa umekuja na kumkuta mahali ambapo mwishowe palikuwa na nafasi yake.

Nikaketi sakafuni, nje ya mlango, kuhakikisha hapiti mtu.

Aliamka saa tisa imepita. Niliisikia barakoa ikivuliwa.

"Mzee?"

"Nipo."

"Saa ngapi?"

"Tisa na robo."

"Tisa! Mbona hukuniamsha, na chakula?"

"Nimepika ugali. Umeungua chini, ila juu unalika."

Alitoka amekunjamana uso, alama ya ukanda ikiwa imechorwa shavuni, akakaa kwenye kizingiti karibu nami. Alitazama uwanja kana kwamba umehamishwa kidogo alipokuwa hayupo.

"Nimeota," akasema.

Sikujua kwamba mke wangu huota. Nilimgeukia.

"Umeota nini?"

Alifikiria, na uso wake ukawa na furaha ambayo sikuhusika nayo kabisa.

"Sikwambii," akasema. "Leta huo ugali."