Mrija Alioukataa Kiranja wa Afya

Wasomaji wangu wa gazeti hili la ukuta wa bwalo, mmezoea kunikuta hapa kila Ijumaa nikilalamikia maharage yenye mawe na zamu za kuchota maji bondeni. Leo sina mzaha. Wiki iliyopita mlisikia wote mstarini kwamba aliyekuwa kiranja wetu wa afya amefariki huko Kumsenga, kwa mjomba wake. Mkasimama kimya kidogo, kisha kengele ikalia, mkaenda darasani. Wengine mlinifuata kuniuliza, maana mimi na yeye tumetoka kijiji kimoja, Kasanda, nyumba zetu zinapakana. Nikawajibu, "Alikuwa anaumwa," basi. Mnanijua, nikisemeshwa mbele za watu ulimi unaganda. Lakini kuandika naweza, na mama yake amenipa ruhusa nitaje ugonjwa wenyewe ili usigeuzwe kuwa jambo lingine. Kilikuwa kifua kikuu.

Najua mnamkumbuka kwa vikombe. Alikuwa akisimama mlangoni pa bwalo, mikono nyuma kama askari, anakagua kucha na vikombe. Aliwahi kuwakamata wavulana wawili wa Kidato cha Pili wakinywa uji kwa kupokezana. "Ndugu, hiki kikombe cha nani?" Wakajibu, "Chetu." Akasema, "Kwenye kikombe hakuna chetu. Chetu ni shamba la shule." Bwalo zima likaangua kicheko, wakamwita Dokta Bila Sindano, na mwalimu wa siasa aliyekuwa akipita akasema kijana huyu ataua ujamaa kwa usafi. Yeye hakucheka. Aliyaamini aliyofundishwa, yote, kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Sisi wengine tulikuwa tunayakariri ya mtihani na kuyaacha hapo hapo kwenye dawati. Nadhani ndiyo maana walimu walimpenda, na ndiyo maana naogopa ninapomfikiria.

Likizo iliyopita tulirudi Kasanda pamoja, tukakuta kwao kuna shughuli. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yake. Kwetu, kwa wale mliotoka mbali, posa haikamiliki kwa maneno. Upande wa mwanamume unakuja na chungu cha pombe ya mtama, kinawekwa katikati, na mrija mmoja unapokezanwa, baba kwa baba, kaka kwa shemeji. Kaka wa binti akishakunywa, mmekuwa ndugu. Anayekataa mrija amesema kwamba wenye pombe wameweka kitu ndani, hata kama hakufungua mdomo. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mimi nilikuwa pale nikisaidia jikoni, nimepiga magoti mlangoni na birika la maji ya kunawa, nikaona yote. Baba yake alikunywa, akafuta mdomo, mrija ukamfikia mwanawe.

"Shemeji, karibu," akasema mshenga.

"Ahsante, mzee. Sinywi."

Watu wakacheka. "Msomi anaogopa kulewa! Gusisha mdomo tu, mwanangu, hata usimeze."

Akakaa wima kama yuko bwaloni. "Si vizuri kiafya watu wengi kutumia mrija mmoja. Vijidudu vya magonjwa vinahama kutoka kwa mtu hadi mtu."

Kicheko kikafa. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza taratibu, "Vijidudu vya nani?" Akazungusha macho kwa waliokaa. "Nauliza, kijana. Katika sisi tuliokaa hapa, wa nani?"

Baba yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Kunywa."

"Data, siwezi," akamjibu baba yake kwa jina la Kiha.

Wakwe hawakugombana. Waliinuka, wakawapigia wenyeji makofi ya heshima ya kuaga, wakakibeba chungu chao. Sikuwahi kuona chungu kilichojaa kikitoka nyumbani kwa mtu. Dada yake alikuwa nyuma ya nyumba amevaa kitenge kipya, anasubiri kuitwa. Hakuitwa. Jioni ile baba alitamka mbele ya majirani kwamba mtoto aliyemfunga mdomo mbele ya wakwe asimhesabu tena kuwa ni baba, akiwa mzima au akiwa mgonjwa.

Kweli tupu, mimi nilimwona ana majivuno. Nilisema moyoni, ona, amekuja na bwalo lake mpaka kwao. Tulipopanda lori kurudi shuleni Kasulu tulikaa juu ya magunia, na kila mara alikuwa akigeuza uso pembeni kukohoa. Ndipo akanionyesha kitambaa chake. Kilikuwa na damu. Akaniambia kabla ya likizo mganga wa zahanati alimwonya asichangie chombo na mtu yeyote, na aende hospitali Kibondo haraka. Hakwenda, alitaka kwanza kuona dada yake akiposwa. "Mimi ndiye niliyekuwa na vijidudu," akasema. "Ningekunywa ningewapa wote." Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo. Akanitazama kama anayemtazama mtoto mdogo. "Niseme mbele ya wakwe kwamba nyumba hii ina kikohozi cha damu? Nani angemwoa dada yangu? Na Data angeanza kumtafuta mchawi, angempata, na huyo mtu angefukuzwa kijijini."

"Basi ungesema tumbo linakuuma."

"Huo ungekuwa uongo."

"Na hayo uliyosema?"

"Hayo ni kweli. Yamo kwenye somo la afya."

Tulipoingia Kibondo akashuka na sanduku lake, akaenda hospitali.

Mnajua wodi zetu. Sindano unapewa, chakula unapikiwa na wa kwenu. Mama yake alikwenda kumpikia, baba akatuma mtu amrudishe. Alirudi, angefanya nini? Mgonjwa akawa anakula kwa huruma ya jamaa wa wagonjwa wengine, wakimpa ugali kwa mbali, na kwa kuwa alijua sababu ya kukaa mbali alikuwa akiwashukuru. Ilipofika mahali akaona aibu imezidi, akatoroka kabla sindano hazijaisha, akaenda kwa mjomba. Wauguzi walimkataza. Yeye aliyetukataza hata kunywa maji yasiyochemshwa alikatisha dawa, kwa sababu ya njaa na aibu. Somo la afya halina mlango unaohusu njaa na aibu.

Mwalimu wa siasa alituchukua wachache kwa lori la shule, tukafika Kumsenga kaburi likiwa tayari. Baba yake alikuja na wazee wa Kasanda. Mganga wa zahanati ya kule alikuwa ameshamweleza ugonjwa, na mama ameshamweleza yaliyobaki, aliyosimuliwa na mwanawe wodini. Baada ya maziko akaagiza pombe ya mtama iletwe, akaweka mrija mmoja, akasema, "Hii ndiyo ambayo mwanangu hakunywa na watu. Tumnywee." Akanywa yeye, akamsogezea jirani yake wa miaka yote.

"Eh, ndugu yangu, tumbo linanisumbua tangu jana."

Akamsogezea wa pili. "Mimi nina dawa ya kienyeji, haipatani na pombe." Wa tatu akasema ameokoka. Wa nne alikuwa na safari. Mjomba mwenyewe, mwenye nyumba, alisema anaenda kuangalia mbuzi. Wote walisema kwa upole, wameinamisha vichwa, na hakuna aliyekasirika, hakuna chungu kilichobebwa. Yule baba alibaki ameshika mrija. Akasema, kama anaongea na chungu, "Kumbe mtu anaweza kukataa." Akanywa peke yake, akanywa tena, na sisi tulikuwa tunatazama chini.

Pale juu ya ubao wa darasa letu mwalimu ameandika mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeutazama ubao ule wiki nzima. Huyu alilelewa na nani? Nyumbani walimfundisha kwamba chungu ni kimoja, na darasa la siasa likamwambia vivyo hivyo, kwamba sisi ni ndugu wa chungu kimoja. Somo la pili yake, mlango ule ule, dawati lile lile, likamwambia kila mtu na kikombe chake. Yote mawili ni kweli na yote mawili yana alama kwenye mtihani. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuyabeba pamoja akiwa amekaa mbele ya baba yake. Tumezoezwa kujibu kifupi na sahihi. Wazee wetu wanajua kukataa kwa kuzunguka, wakamlindia mtu heshima yake, lakini hilo tunaliita ushamba mara tu tukishavaa sare. Na wao nao wanajua kuzunguka mpaka ukweli unamkuta mtu kaburini. Jamani, mimi sioni upande wa kukimbilia.

Kabla hatujaondoka nilimpigia magoti yule baba. Mtoto wake wa mwisho, binti wa darasa la nne aliyekuja naye mazikoni, ameshamtoa shule. Anasema shule imemla mmoja, inatosha. Mlioniona nikitetemeka kujibu swali la jiografia hamtaamini, lakini nilimwomba amrudishe. Akaniuliza, "Wewe, siku ukikohoa, utamwambia baba yako?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Utamwambiaje?" Nikatafuta neno la shule sikulipata, nikatafuta neno la Kiha sikulipata. Akatikisa kichwa, akaondoka na mwanawe amemshika mkono.

Basi funzo ninalowaachia ni hilo swali lake, maana jingine sina. Ajuaye jambo asijue kulisema kwao hajaelimishwa, ametwishwa mzigo tu. Likizo inakaribia, tutapanda malori kwenda makwetu tukiwa na majibu yetu sahihi. Yule mtoto atakuwa shambani, ananitazama ninapita na sare, na mimi bado sijui nitamwambiaje.