Mashine ya Stafford Ilikuwa Nzima

Mjomba wangu ananunua magari yaliyotumika hapa Dallas, anayapakia kwenye kontena kwenda Mombasa. Sijawahi kumwona akikubali bei ya kwanza, hata ya tikiti maji. Ndiyo maana mama alisema niende naye. "Wewe huna subira," aliniambia. "Utatoa pesa mtu hajamaliza kusalimia."

Nilichokuwa nakifuata ni mashine ya kuchonga chuma. Kisu kinazunguka juu, chini kuna meza unaisogeza kwa mkono mpaka chuma kipate umbo unalotaka. Kiwandani Garland tunazo kubwa zaidi, lakini mimi pale nabonyeza vitufe tu, na nimechoka kubonyeza vitufe. Nilitaka yangu, niiweke gereji ya nyumbani, nijifunze. Nilitafuta miezi sita. Kila niliyoipata ilitaka umeme wa kiwandani. Hii ya Stafford, mji ulio mbali kusini mwa kwetu, peke yake ilitumia umeme wa nyumba, na mwenyewe alishaniandikia kwamba kuna mtu mwingine anakuja kuiona saa nane mchana.

Tulitoka Garland baada ya kuswali alfajiri, trela ya kukodi nyuma ya pikapu. Saa tano tukafika. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu, fundi aliyestaafu, anahamia kwa binti yake. Akampa mjomba mkono. Mimi akanipungia tu.

Nikaiendea mashine. Nikageuza mkono wa meza taratibu, nione utazunguka kiasi gani kabla meza haijasogea. Ukizunguka sana, ujue parafujo ya ndani imelika. Haukuzunguka hata robo. Nikajikuta natabasamu.

"Vipi?" mjomba akaniuliza kwa Kiswahili.

"Nzima, mjomba. Tulipe tuondoke."

"Kaa kimya. Uso ukunje kidogo, unacheka kama bibi harusi."

Akamgeukia mzee, akaanza kwa Kiingereza. Mashine imechoka. Rangi imetoka. Hii si ya kutumia, ni chuma chakavu cha kupima kwa kilo. Akagonga meza kwa funguo za gari. "Hii hata bure nitafikiria."

Mzee alimtazama mjomba, akazitazama zile funguo. "Nimeitumia miaka thelathini," akasema. "Kama ni takataka, iacheni." Akatungoja tutoke, akashusha mlango wa gereji.

"Anaringa tu," mjomba akasema tukiwa garini. "Hatufiki barabara kubwa ashapiga simu."

Tukasimama kituo cha mafuta. Mjomba akanunua kahawa. Nikaweka simu pajani, macho kwenye kioo. Saa sita. Saa sita na nusu. Mjomba alikuwa anazungumza habari za bandarini, mimi sisikii kitu. Saa saba.

"Mjomba, turudi."

"Ukirudi sasa umenivunjia heshima mbele ya yule mzee."

"Kwao hawafanyi hivi. Alikasirika kweli."

"Mtoto wewe, mimi nilianza biashara hujazaliwa."

"Basi naenda kwa miguu."

Nikashuka. Sikungoja jibu, maana lingekuwa hapana. Barabara ile haina njia ya miguu, nilitembea kwenye majani, malori yananipita, jasho linaniingia machoni. Niligeuka mara moja tu. Pikapu ilikuwa palepale.

Nilifika saa nane bado. Mzee akafungua mlango wa mbele, hakunikaribisha. Nikamwambia anayenunua ni mimi, ndiye niliyekuwa nikiandikiana naye. Nikamwambia kwetu hakuna anayenunua kitu bila kukitia kasoro kwanza, na muuzaji naye anajua, wanabishana mpaka wanacheka. Mjomba hakukusudia kumtukana.

"Na wewe uliona ni takataka?"

"Hapana."

"Mbona ulinyamaza?"

"Yule ni kaka wa mama yangu."

Akafikiri. "Haya, wewe uliona nini?"

Nikamweleza mkono wa meza, na grisi mpya kila mahali. Halafu nikasema kuna shimo pembeni ya meza, mtu aliteremsha kisu kupita kiasi. Nilipolitaja hilo nikajuta.

"Mimi huyo," akasema. "Wiki ya kwanza. Nilikuwa na haraka." Akachukua funguo za gereji. "Mwambie alete trela."

Nililipa bei yake ileile. Nilimpigia mjomba simu, akaja, akarudisha trela nyuma mara moja tu, imenyooka. Mzee akatuonyesha kukigeuza kichwa cha mashine kiangalie chini, kwa sababu juu ndiko kuzito na ingeweza kupinduka njiani. Tukakaza minyororo. Mjomba alimwambia mzee asante. Mimi akanipita, akaingia garini.

Tulipofika Huntsville, njiani kurudi, ndipo aliposema, "Uliniacha kituo cha mafuta."

"Samahani, mjomba."

"Ni nzima kweli?"

"Nzima."

"Hata mimi niliona," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoingia Garland. Mjomba akaifungua trela kutoka kwenye pikapu, akaiacha mbele ya gereji yetu. Mama alikuwa amepika biriani kwa ajili yake, akatoka na kanga begani kumwita. Mjomba akasema amechoka, atakula kwake. Hajawahi kusema hivyo mlangoni kwetu.

Mama akangoja pikapu ikate kona.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

Nikatazama mashine, bado iko na minyororo. Nilitaka kuishusha muda uleule. Nikaingia ndani, nikakaa, nikaanza kumweleza.