Dakika Kumi za Shukrani

Mpaka leo nikimsikia mtu anaanza na "awali ya yote," damu hunichemka. Na mwenye makosa si yeye, ni mimi.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuchaguliwa kuwa Mwakilishi wa jimbo letu la kusini. Kampeni yangu haikuwa na mambo mengi. Nilisimama mbele ya kituo cha afya cha kijijini nikaahidi pampu ya kisima. Ile ya zamani ilikufa siku nyingi, na kila mwanamke aliyekuja kujifungua alitakiwa aje na maji yake. Uchungu umembana, na mama mkwe yuko nyuma na ndoo kichwani. Mkunga wa pale, aliyenizalisha watoto wangu wote wawili, alinishika mkono siku ya matokeo. "Mwanangu, mimi sitaki kanga wala fulana. Nnataka maji. Lisemwe hilo kwenye bajeti, basi."

Bajeti ya afya ilipofika kwenye Baraza la Wawakilishi nikapewa dakika kumi za kuchangia. Karatasi yangu ilikuwa tayari: kisima, pampu, wajawazito. Mjumbe mkongwe aliyekaa jirani yangu akaisoma kwa jicho la pembeni.

"Mbona hujashukuru mtu?" akauliza. "Hii hotuba yako ya mwanzo. Watasema huna adabu."

Akachukua kalamu yangu akaniandikia orodha. Ningekuwa na akili ningemrudishia. Lakini sisi tumelelewa hivyo, ukiambiwa huna adabu unatoka jasho.

Nikasimama. Awali ya yote nikamshukuru Mwenyezi Mungu, na hilo silijutii. Kisha viongozi, mmoja mmoja na vyeo vyake vyote. Kisha Spika kwa busara zake, na waziri kwa hotuba nzuri, ambayo kwa kweli sikuipenda hata kidogo. Nikaja kwenye chama, akina mama, vijana, wazee wa jimbo, na mume wangu kwa uvumilivu wake. Wenzangu wakapiga meza, na mimi mjinga nikanogewa. Nikamshukuru na mkunga wa kituo chetu kwa kujitolea kwake. Kengele ikalia. Nilidhani ni ile ya kwanza ya kutahadharisha, kumbe ya kwanza ilishapita kwenye makofi.

"Muda wako umekwisha, Mheshimiwa."

Hapa ndipo ninapojichukia hasa. Ningeweza kupayuka neno moja tu, pampu, hata wakanitoa nje. Lingeingia kwenye kumbukumbu. Badala yake mdomo ukatamka wenyewe kile ambacho kila mtu humalizia: "Naunga mkono hoja." Nikakaa. Jirani yangu akaniambia nimeongea vizuri sana. Bajeti ikapita bila pampu, na mimi nimeiunga mkono.

Nina hasira na mazoea haya ya kumpa mtu dakika kumi kisha kumdai tisa za kuwasifu watu ambao maji yanatoka majumbani kwao. Nina hasira na yule bwana na kalamu yangu. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na kusoma najua.

Ijumaa nikatoka nyumbani kwangu Mpendae, huku mjini, nikaenda kijijini. Nilitaka nitukanwe, nipumue. Mkunga alikuwa kibarazani mwa kituo anakunja mashuka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Mheshimiwa."

Hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa mwanangu.

"Tulikusikiliza redioni," akasema. "Nlizima feni tusikie vizuri, mimi na wajawazito wote waliokuwepo. Ulinshukuru. Ahsante."

"Nisamehe, Bi. Mwakani nitalisema mwanzo kabisa, kabla ya..."

"Mwakani inshallah."

Hakunitazama. Aliendelea na mashuka yake, na mimi nimesimama na mkoba wangu mpya wa Baraza kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndani mwanamke akapiga ukelele. Mkunga akaingia, akatoka na ndoo tupu, akanitia mkononi.

"Nenda nyumba ile ya pili, wana kisima. Fanya haraka. Huyu kaja peke yake, hana wa kumchotea."

Nikauweka mkoba chini, nikakunja buibui, nikaenda.